Riwaya ya Fizi haiwezi kuwa na shujaa mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisubiri nje ya studio hapa Baraka, mkononi ana kaye mbili zilizojaa maandishi. Ni mkimbizi wa ndani, familia yake imepokelewa na jamaa hapa mjini. Akaniambia: "Yaya, nimeandika riwaya juu ya vita vyetu. Uisome, uniambie kama ni nzuri."

Nimeisoma. Anajua kuandika. Lakini toka mwanzo hadi mwisho kuna mtu mmoja tu mwenye jina, mwenye mama, mwenye njaa na hofu: kijana wa kijiji chake. Wale wa mlima wa pili wanaingia usiku, wanachoma, wanatoka. Hawana majina. Kwa maoni yangu, riwaya ya Fizi iliyoandikwa namna hiyo ni nusu ya kitabu.

Sisemi hivi ili kumcheka. Mimi pia nilianguka hapo. Miaka michache iliyopita nilianza kuandika juu ya 1996, mwaka ambao watu wetu wengi walivuka ziwa kuelekea Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mhusika wangu mkuu alikuwa mwalimu, Mbembe kama mimi. Nilipomsomea shangazi kurasa za kwanza, alinyamaza, halafu akauliza: "Mwanangu, na yule mama Munyamulenge aliyetupa maziwa tukishuka mlima, umemwacha wapi?"

Sikuwa na jibu. Habari ya yule mama nilikuwa nimeisikia tangu utoto, lakini mwalimu wangu alikuwa amejaza kitabu chote peke yake.

Ndiyo sababu nasema hadithi yetu inahitaji wahusika wakuu kadhaa. Jambo hili si geni. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alilifanya mwaka 1967 katika riwaya yake A Grain of Wheat. Ni kijiji kimoja, siku chache kabla ya uhuru wa Desemba 1963, baada ya vita vya Mau Mau. Gikonyo ametoka kizuizini na kukuta mke wake Mumbi amezaa na Karanja, mtu aliyewatumikia Waingereza. Mugo anaheshimiwa na kijiji kizima, kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa. Ngũgĩ angemfuata mtu mmoja tu, tungebaki na shujaa na adui. Kwa kuwafuata wengi, tunaona vita vinavyoingia ndani ya nyumba, na kwamba mwenye kidonda anaweza pia kuwa na deni.

Wapo watakaoniuliza: "Unataka wauaji wapewe nafasi ya kujitetea?" Hapana. Kumpa mtu sura si kumfutia kosa. Mugo anakiri mbele ya watu, na anahukumiwa. Aliyechoma nyumba abaki ni mtu aliyechoma nyumba. Lakini msomaji ajue alitoka wapi, nani alimpa silaha, alipoteza nini kabla ya hapo, na alichagua nini. Asipojua hayo, mtoto wetu atafunga kitabu akiwa na wazo moja tu: kulipiza.

Kwa vijana wanaoandika, haya ndiyo niliyojifunza, mengine hapa redioni.

Kwanza, wahusika wakuu wasizidi. Watatu au wanne wanatosha. Kila mmoja awe na kitu anachokitafuta: mvuvi wa Ubwari anatafuta mtumbwi wake, mama wa Minembwe anatafuta mtoto wake, mchimbaji wa Misisi anatafuta pesa ya mahari.

Pili, wafunge kwa kamba moja. Inaweza kuwa siku ya soko, foleni ya maji, au mtumbwi unaovuka usiku. Wasipokutana popote, utakuwa na hadithi nne ndani ya jalada moja.

Tatu, kila mmoja asikike kwa sauti yake. Redioni msikilizaji haoni uso, lakini anatambua huyu ni mvuvi, yule ni mwalimu, kwa namna wanavyoongea. Funika majina kwenye kaye yako. Kama wote wanaongea kama wewe, anza upya.

Nne, na hili ndilo gumu: yule wa upande wa pili, msikilize kabla ya kumwandika. Si lazima kuhatarisha maisha barabarani. Kwenye kambi na kwenye familia zilizopokea wageni wako watu waliotoka vijiji ambavyo hujawahi kufika. Waulize wazee hasa. Wanaondoka mmoja mmoja, na habari zao wanaondoka nazo.

Yule kijana nimemrudishia kaye zake pamoja na swali la shangazi: ni nani wa upande ule ambaye unamjua kwa jina na hukumwandika? Alikaa kimya muda mrefu, akiangalia chini. Halafu akasema: "Yupo mmoja. Tulikaa naye benchi moja shuleni, miaka minne. Sijui kama bado yuko hai."

Nimemwambia sura ya pili ianze na huyo.