Digrii ya afya ya umma isiishie kwenye kubeba rejista

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tuna neno.

Kijana wa hapa Kakuma akirudi na digrii ya afya ya umma, wazazi wanauliza kwanza: "Kwa hiyo sasa wewe ni daktari?" Akisema hapana, nyuso zinashuka. Halafu mwajiri naye anauliza: "Utaweza kupita nyumba kwa nyumba?" Ndiyo, anaweza. Wengi wetu tuliifanya kazi hiyo hata kabla ya kumaliza sekondari, na ni kazi ya heshima. Lakini kama mwisho wake ni hapo tu, miaka ya chuo ilikuwa ya nini?

Sisi tunasema hivi: njia ya mhitimu huyo ifike mpaka kwenye usimamizi wa huduma za afya.

Angalieni foleni ya kliniki. Mama amefika saa kumi na mbili asubuhi na mtoto mwenye homa. Anaonwa saa nane mchana, anaambiwa dawa imeisha. Hasira yote inamwangukia nesi. Lakini si nesi aliyepanga zamu, si yeye aliyeagiza dawa, wala bajeti hakuiandika yeye. Hiyo ni kazi ya msimamizi. Sasa, aliyesoma afya ya umma anajua kwamba mvua ikinyesha, wiki chache baadaye malaria inapanda. Amefundishwa kusoma takwimu za miaka iliyopita. Mkabidhi stoo na bajeti, ataagiza vipimo na dawa kabla ya mvua, si baada ya foleni kufika getini. Somo la kwanza linamwambia nani ataugua. Somo la pili linahakikisha mgonjwa akifika anakuta huduma.

Na si ndoto. Tedros Adhanom Ghebreyesus, anayeongoza Shirika la Afya Duniani tangu 2017, si daktari wa kutibu. Alisoma baiolojia Asmara, akaendelea London, kisha 2000 akapata udaktari wa falsafa katika afya ya jamii Nottingham. Alipokuwa Waziri wa Afya wa Ethiopia, kuanzia 2005 hadi 2012, maelfu ya wasichana wa vijijini walifundishwa na kuajiriwa kama wahudumu wa afya wa jamii. Hakushika sindano. Alipanga watu, mafunzo na pesa.

Kuna wanaosema kwamba kuingia ofisini ni kukimbia jamii. Hapana. Anayekimbia jamii ni yule anayepanga huduma za blok ambayo hajawahi kuikanyaga.

Tena wakati wenyewe ni huu. Kenya, huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 zinataka wakimbizi na wenyeji wahudumiwe pamoja, ndani ya mfumo wa serikali. Basi kuna zamu, stoo na ripoti ambazo zitapangwa upya. Kwani zipangwe bila sisi?

Kwenu vijana: si lazima mkimbilie digrii ya pili kesho. Anzeni na kazi iliyo mbele yenu. Jifunzeni kadi ya stoo, jifunzeni kusoma bajeti, ombeni kukaa kwenye kikao cha ripoti ya mwezi hata kama ni kusikiliza tu. Kuna diploma za kumbukumbu za afya na kozi za usimamizi. Anayeijua kazi tayari atazielewa haraka.

Kwenu mashirika: mkimbizi mwenye digrii analipwa insentivu, na mwenzake mwenye digrii ileile, kwenye meza ileile, analipwa mshahara. Tunajua suala la vibali vya kazi ni zito. Basi saidieni kuvifuatilia, msivifanye kisingizio. Nafasi ya msimamizi msaidizi ikitokea, bandikeni tangazo kambini pia, si Nairobi peke yake. Na mkimchukua kijana wetu, mwekeni karibu na msimamizi, mpeni zamu apange na stoo aisimamie, kisha mpimeni kwa kazi.

Tunawaomba mlango, si huruma. Kazi tutaifanya.