Almasi Inayoonyesha Kila Kitu Isipokuwa Ilikotoka

Jamani, tuambizane ukweli. Vijana wa mjini tumekuwa wataalamu wa almasi kwa kasi ya ajabu. Mtu ambaye hajui mwenye nyumba atampandishia kodi lini anaweza kukueleza tofauti ya VS1 na VS2 bila kusita. Na sasa gumzo limehamia kwenye mkato wa zumaridi: ile almasi ya mstatili iliyopunguzwa pembe, nyuso zake zimepangwa kama ngazi. Grace Kelly alivishwa ya karati 10.47 mwaka 1956. Ya Beyoncé inasemekana ina karati 18. Basi na sisi wa Sinza na Mbezi tunaitaka, japo iwe nusu karati, japo mahari bado yanadaiwa.

Sina ugomvi na mkato wenyewe. Kwa kweli naupenda kuliko ile ya duara. Almasi ya duara imekatwa ili ivunjevunje mwanga, imetemeteme, ikuchanganye macho. Dosari ndogo humezwa na huo mng'aro. Mkato wa zumaridi hauna ujanja huo. Uso wake wa juu ni mpana na tambarare, unatazama ndani kama mtu anayechungulia kisima chenye maji matulivu. Chembe nyeusi iliyoko katikati utaiona. Rangi ya njano ikiwapo, utaiona. Ndiyo maana wanaojua wanakushauri usishuke chini ya VS2 kwa usafi, na kwa rangi usiende mbali na G au H kama pete ni ya dhahabu nyeupe au platinamu. Ukiweka kwenye dhahabu ya njano unaweza kulegeza kidogo.

Kuhusu umbo, gawanya urefu kwa upana. Wengi hupenda jibu liwe kati ya 1.3 na 1.5. Lakini usinunue kwa karatasi tu, maana kwa miaka mingi cheti cha maabara ya GIA kimekuwa kikitoa daraja la ubora wa mkato kwa almasi nyeupe za duara peke yake. Hii yetu unabidi uikague kwa macho. Igeuzegeuze taratibu kwenye mwanga wa kawaida, si chini ya zile taa kali za dukani. Ngazi ziwake na kuzimika kwa zamu. Ukiona katikati pamekaa kama kioo cha dirisha, unaona kidole chako upande wa pili, achana nayo. Afueni moja ni kwamba karati kwa karati mara nyingi bei yake iko chini ya ile ya duara, kwa sababu mkataji anapoteza sehemu ndogo zaidi ya jiwe ghafi.

Haya. Hayo yote utayapata kwa muuzaji yeyote anayejua kazi yake, na kwa tabasamu. Sasa muulize swali moja zaidi: imechimbwa wapi?

Mimi niliuliza, hapa hapa Dar. Jamaa akanijibu bila wasiwasi: "Hii imetoka Dubai, kaka." Dubai! Dubai ni soko kubwa la almasi, sawa, lakini mgodi wa almasi hauko kule. Nikamuuliza tena, akanionyesha cheti. Nikakisoma chote. Kilikuwa na mchoro wa jiwe na alama ya kila dosari iliyomo ndani, hata zile ambazo jicho haliwezi kuziona bila lenzi ya kukuza mara 10. Jina la nchi halikuwemo. Jina la mgodi ndiyo kabisa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tunalipa mamilioni ili kuhakikisha jiwe ni safi, halafu neno "safi" linaishia kwenye chembe ya kaboni.

Najua utaniambia kuna Mpango wa Kimberley. Upo, tangu 2003. Lakini usome vizuri. Cheti chake husafiri na almasi ghafi zikiwa kwenye vifurushi vinavyovuka mipaka. Hakifuatani na jiwe lililokatwa hadi kwenye kidole cha mchumba wako. Na almasi ya vita, kwa tafsiri yao, ni ile inayotumiwa na waasi kugharamia vita dhidi ya serikali halali. Mlinzi wa kampuni akimpiga risasi mtu mgodini, hilo halimo kwenye tafsiri.

Nasema hivi kwa sababu sisi Watanzania hatuna haki ya kujifanya wageni katika jambo hili. Mwadui iko Shinyanga, si sayari nyingine. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliipata almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na baadaye likawekwa kwenye bruchi. Mwaka 2022 jiwe jingine la waridi la Mwadui, likiwa limeshakatwa na kubaki karati 11.15, liliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Picha zake zilizunguka dunia nzima.

Habari nyingine haikuzunguka hivyo. Mei 2021 Petra Diamonds, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuendesha mgodi huo huku serikali yetu ikiwa na asilimia 25, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 ili kumaliza madai ya watu 71 waliofungua kesi London. Humo humo mlikuwa na gharama za mawakili. Kampuni haikukubali kuwajibika kisheria, lakini ilikiri kwamba yalitokea matukio ya vifo, majeraha na unyanyasaji wa watu walioingia eneo la mgodi kuchimba bila kibali. Novemba 2022 bwawa la matope ya mgodi likapasuka, likafunika nyumba na mashamba ya majirani.

Wapo watakaosema ninawaharibia watu wa Shinyanga ajira. Hapana. Sijasema tususe Mwadui. Botswana wamesomesha watu na kujenga barabara kwa almasi, hilo hata adui hawezi kulikana. Ninachokataa ni mnunuzi anayepima kila kitu isipokuwa hicho. Kisingizio kwamba haiwezekani nacho hakina miguu. Ikiwa GIA wameliona jiwe likiwa ghafi, wanaweza baadaye kuthibitisha nchi lilikotoka. Halifanyiki kwa kila jiwe kwa sababu mimi na wewe hatuulizi.

Na kama muuzaji hana jibu? Nunua pete ya zamani iliyokwisha kuvaliwa. Au nenda kwenye almasi ya maabara, ambayo ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, na bei yake imeporomoka vibaya. De Beers wenyewe walianza kuziuza mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, wakaja kutangaza kufunga biashara hiyo mwaka 2025. Kwa mkato wa zumaridi hilo ni jambo la maana, kwa sababu unapata usafi wa juu bila kukopa. Hata hivyo uliza imetengenezwa nchi gani na kwa umeme wa nini. Usiamini neno "kijani" kwa sababu tu limeandikwa kwenye boksi.

Shoga wa mchumba wako watauliza karati ngapi. Mwambie awajibu, halafu aongeze jina la mgodi. Akikosa jina hilo, rudi dukani na risiti yako, simama mbele ya wateja wengine, uulize kwa sauti.