Klabu ya Mpira Hulishwa na Nani?

Mama mmoja wa hapa Gisenyi ametuletea swali ambalo wazazi wengi huliuliza kimoyomoyo. Kijana wake mwenye umri wa miaka 17 anajifunza useremala, naye sasa anataka kuiacha randa ili acheze mpira. Je, klabu itamlisha?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko mpira wa kwetu. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu za raga za kaskazini ya Uingereza zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, zikajitenga na chama chao cha taifa. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimbaji wa makaa na wafanyakazi wa viwandani. Waliposafiri kucheza siku ya Jumamosi walipoteza ujira wa siku hiyo, na chama, kilichoongozwa na watu wenye nafasi, kilikataa wasifidiwe. Kutokana na ugomvi huo ilizaliwa raga ya wachezaji 13 kila upande, ambayo klabu zake kubwa hulipa mishahara hadi leo.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mafunzo. Kila mwenye redio katika mji huu wa mpakani amelisikia jina la Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao watu wake husema Kiswahili kama sisi. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, waliotaka wanafunzi wao wapate shughuli ya kuwachangamsha. Iliitwa Saint-Georges, baadaye Saint-Paul. Mapadre walipoiacha, ikachukua jina la Englebert, nalo ni jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi ya magari. Yaani klabu iliyolelewa kanisani ikawa tangazo la matairi! Tusicheke; tairi ndilo lililonunua viatu.

Ikiitwa Englebert, klabu hiyo ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1967, baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambayo haikufika kwenye mchezo wa tatu wa kuamua. Mwaka 1968 iliwafunga Étoile Filante ya Togo mabao 5 kwa 0, na hata ilipofungwa 4 kwa 1 mjini Lomé kombe halikuponyoka. Iliingia fainali tena mwaka 1969 na 1970, ikashindwa zote mbili. Kisha, ukiacha Kombe la Washindi la mwaka 1980, ulifuata ukame mrefu. Jina kubwa lilibaki, makombe ya Afrika hayakuja.

Mwaka 1997 tajiri Moïse Katumbi alishika uongozi, na fedha zikarudi. Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 huko Abu Dhabi ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ya Milano iliwafunga 3 kwa 0, lakini wengi tunamkumbuka zaidi mlinda mlango Robert Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi kitako. Mwaka 2015 ubingwa ulirudi, safari hii kwa mabao ya Mtanzania Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka Simba. Na Katumbi alipoishi uhamishoni, kuanzia 2016 hadi 2019, klabu ilitwaa Kombe la Shirikisho mara mbili, 2016 na 2017. Nyumba iliyojengwa vizuri husimama kitambo hata mwenyewe akiwa safarini. Kwa muda gani, hilo ni jambo jingine.

Sasa tuitazame Etincelles yetu, inayocheza katika uwanja wa Umuganda. Haina kampuni ya matairi wala tajiri wa madini. Tegemeo lake ni wilaya ya Rubavu. Hapo ndipo penye uzito. Mto Sebeya ulipofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba za watu, ni nani angethubutu kusema mishahara ya wachezaji itangulie? Klabu inayokula katika chungu kimoja na shule, barabara na zahanati haina budi kungoja zamu yake, na mchezaji hungoja pamoja nayo. Kwa maoni yangu, wafanyabiashara wa mji huu wangepaswa kuchangia kwa mkataba wa miaka kadhaa, si kwa bahasha ya siku ya ushindi.

Hata hivyo klabu ndogo huweza kuwa mlango. Haruna Niyonzima, aliyezaliwa hapa Gisenyi mwaka 1990, alianzia Etincelles, akapita Rayon Sports na APR, akafika Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2011, akavuka hata kwa mahasimu wao Simba mwaka 2017. Alikuwa nahodha wa Amavubi kwa miaka mingi. Lakini huyo ni mmoja.

Kwa hiyo, mama yetu, kijana na acheze jioni na amalize useremala mchana. Klabu ikimtaka, ulizeni mshahara unatoka mfuko gani, na ni nani atakayemtibu akivunjika mguu. Majibu yaandikwe katika mkataba, na mzazi ausome kabla hajatia sahihi.

Na kama kuna binti nyumbani, naye asisahauliwe. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR ya Moroko bao 1 kwa 0 katika fainali iliyochezwa huko huko Moroko, ikatwaa ubingwa wa Afrika.