Kuuliza Hesabu si Kutuhumu



Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya msomaji wetu ambaye ni mweka hazina wa chama cha kina mama kinachowasomesha mayatima. Michango ya chama hicho hutumwa kwenye simu ya mwenyekiti. Kwa miaka kadhaa hapana aliyelalamika, na karo za watoto zimekuwa zikilipwa. Mwaka huu mweka hazina aliomba aonyeshwe taarifa ya miamala ya simu hiyo ili ailinganishe na daftari lake. Jawabu alilopewa lilikuwa: "Kwani huniamini?" Siku chache baadaye akajikuta ametolewa katika kundi la WhatsApp la chama. Sasa anatuuliza kama amemkosea adabu mwenzake, ambaye ni mkubwa wake kwa umri na ndiye aliyekianzisha chama.

Kwa maoni yetu hakumkosea. Lakini hatutaki kulipita swali lake kwa jawabu la neno moja, kwa kuwa yaliyomfika yeye yanawafika wengi kuanzia Vanga hadi Lamu, katika kamati za madrasa, za misikiti, za mazishi na za mayatima.

Sisi watu wa pwani tuna jambo tunaloliita muhali. Mtu huona muhali kumuuliza jirani yake deni, na huona muhali zaidi kumuuliza mama mtu mzima, aliyemlea mitaani, ziko wapi shilingi elfu ishirini za mwezi wa Rajabu. Muhali una uzuri wake. Umezisitiri nyumba nyingi na umezuia ugomvi mwingi. Lakini mahali pake ni katika mali ya mtu binafsi, ambaye akitaka husamehe na akitaka hudai. Mali ya yatima si yetu hata tuwe na uwezo wa kuisamehe. Anayeona muhali juu ya mali hiyo anatoa kwa ukarimu kitu kisichokuwa chake.

Na tuseme mwenyekiti huyo ni mwaminifu kabisa, kama tunavyoamini kuwa ndivyo alivyo. Tuseme hajagusa hata shilingi moja. Akifariki usiku wa leo, itakuwaje? Fedha za chama zimo katika laini iliyosajiliwa kwa jina lake na kwa kitambulisho chake, zimechanganyika na za kuuza vitumbua, za kodi ya chumba cha uani na za mwanawe aliyeko Ghuba anayemtumia kila mwezi. Warithi wake watakwenda kuidai salio hiyo kama mali ya marehemu mama yao, nao hawatakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna karatasi inayowaeleza vinginevyo. Sheria yetu imeweka wazi kwamba madeni na amana za watu hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini kadhi ataitoa amana ipi, ya kiasi gani, na kwa ushahidi wa nani? Mweka hazina anayeomba taarifa ile anamkinga mwenyekiti wake asije akaulizwa kesho Akhera juu ya fedha ambazo hakuzila. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema kuwa hupotea kwa wezi tu.

Anayedhani kwamba kuandikiana na kushuhudiana ni mambo ya wafadhili wa Ulaya, na airejee Sura ya An-Nisaa. Katika aya ya sita walezi wa mayatima wameamrishwa wanapowakabidhi mali zao waweke mashahidi. Walezi wanaoambiwa hivyo ni jamaa, mara nyingi ami au babu, watu ambao hakuna aliyewatuhumu kwa lolote. Aya hiyo hiyo inamwelekeza mlezi tajiri ajizuie na mali ya yatima, na mlezi fukara ale kwa kiasi cha wema. Kwa hivyo lipo pia jawabu kwa wale wanaouliza kama katibu wa chama anaweza kulipwa nauli na posho yake. Inajuzu, madamu kiasi kinajulikana na kimekubaliwa.

Mfano tunaoupenda zaidi, hasa kwa wasomaji wetu wanawake, ni wa ardhi ya Sayyidna Umar (r.a.). Alipopata shamba huko Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, naye akamuelekeza aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Umar hakuridhika na kauli iliyosikiwa na waliohudhuria. Imepokewa na Abu Daud kwamba iliandikwa hati juu ya mali yake ya wakfu iliyoitwa Thamgh. Mwandishi wake alikuwa Muayqib na shahidi wake Abdullahi bin Al-Arqam. Hati ilieleza kuwa mali hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Ilieleza ni nani wanaostahiki matunda yake, na kwamba msimamizi akila kwa wema hana lawama. Tena ikamtaja msimamizi mwenyewe, naye ni Bi. Hafsa, binti yake, maadamu yu hai, na baada yake wenye rai katika jamaa zake.

Tuitazame hati hiyo kwa jicho la leo. Lengo limo, wanaonufaika wamo, mipaka ya msimamizi imo, na atakayemfuatia ameshatajwa kabla yeye hajaanza kazi. Vyama vingi vyetu vina katiba zilizonakiliwa kwa mtu mwingine siku ya kujisajili na kufungiwa kabatini, ambazo hazisemi hata nusu ya hayo. Na aliyeaminiwa ni mwanamke, katika familia isiyokuwa na uhaba wa wanaume. Bi. Hafsa huyo huyo ndiye aliyekaa na kurasa za Qur'ani zilizokusanywa wakati wa Abubakar (r.a.). Sayyidna Uthman (r.a.), naye ni khalifa, alipotaka kuzinakili alituma kuziazima kwake, na alipomaliza akamrudishia. Angeweza kuzichukua na kukaa nazo kwa mamlaka yake. Aliazima, akarejesha.

Liko jambo jingine ambalo vyama vyetu havipendi kulizungumza, nalo ni zawadi. Mfadhili huja na mchango wa madrasa, na pembeni akampa mwenyekiti bahasha yake, au tiketi ya Umra, au simu mpya. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyejulikana kwa jina la Ibnu Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya sadaka za Bani Sulaym. Aliporudi alizigawa mali mafungu mawili, akasema hizi zenu na hizi nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini asingekaa katika nyumba ya baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Kipimo hicho kinatosha kwa kila kiongozi wa chama. Zawadi ambayo isingekuja lau angekuwa nyumbani kwake bila cheo imekuja kwa ajili ya cheo, na cheo ni cha chama. Tungependa kila katiba iwe na mstari unaosema zawadi hizo zitangazwe katika mkutano na kuandikwa.

Kwa ndugu yetu aliyetuandikia, tungemshauri asilipeleke jambo hili mtandaoni wala katika vikao vya harusi. Na aandike barua moja fupi yenye heshima kwa Bi. Mwenyekiti, nakala kwa katibu, akiomba mkutano wa wanachama wote, na ndani yake aombe mambo ya mbele kabla ya ya nyuma. Fedha zihamie katika akaunti ya benki kwa jina la chama, yenye waweka sahihi watatu, na wawili kati yao walazimike kusaini kila zinapotolewa. Waweka sahihi hao wasiwe watu wa nyumba moja. Tumewahi kuona mama, binti na mkwe wakijaza nafasi zote tatu. Salio lililomo katika simu likabidhiwe kwa maandishi mbele ya mashahidi, kama aya ilivyofunza. Akifanya hivyo atampa mama yetu mlango wa kutokea kwa hadhi yake. Mwanzilishi aliyekesha akihangaikia watoto wa watu hastahiki kufedheheshwa. Anastahiki kupumzishwa kwa shukrani na kupewa nafasi ya ushauri. Ajabu ni kwamba tunawaacha waanzilishi wetu madarakani mpaka wachoke na kukosea, kisha ndipo tunapowasema.

Serikali nayo imekwisha kulifikia suala hili. Vikundi vidogo vinasimamiwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kwa mashirika makubwa, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyopitishwa mwaka 2013 ililala kwa zaidi ya miaka kumi, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, nayo inadai vitabu vya hesabu na ripoti za kila mwaka. Hatutaki vyama vyetu viandike hesabu kwa kuogopa afisa wa usajili. Lakini asiyeandika kwa kumcha Mola wake, ajue kwamba afisa naye atakuja.

Umuhimu wa mambo haya unazidi pale chama kinapotoka katika kusaidia na kuingia katika kutetea. Wako wanaodhani kwamba mwanamke wa Kiislamu wa pwani kusimama mbele ya serikali na kudai haki ni jambo la juzi. Nyanya zetu walikuwa na vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana hapa Mombasa, vyenye viongozi wa daraja mbalimbali na wanachama waliojua nani katoa nini. Masheikh wa wakati huo walikemea gharama na majivuno ya ngoma hizo, na hatuoni haya kusema kuwa walikuwa na haki. Hata hivyo wanawake walijifunza humo kukutana, kuchanga na kuongozana. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Kiarabu wa Mombasa, walioachwa nje ya upigaji kura, waliandika maombi kwa serikali ya kikoloni kudai haki hiyo. Mwishoni mwa miaka hiyo vikaanzishwa vyama kama Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, na elimu ya watoto wa kike ikawa ndiyo mazungumzo badala ya mavazi ya ngoma.

Karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2007 shirika la MUHURI liliwaongoza wakaazi wa Changamwe kukagua fedha za maendeleo ya eneobunge. Waliomba kumbukumbu za miradi, wakafunzana kuzisoma, wakaenda hadi kwenye majengo yenyewe kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa, kisha wakaita kikao cha hadhara na kuuliza. Waliokwenda kupima kuta na kuhesabu mabati walikuwa watu wa kawaida wa mtaa.

Sasa fikiria kikundi cha namna hiyo kimesimama mbele ya afisa wa kaunti kikimuuliza risiti, naye akageuka na kusema: nionyesheni zenu. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, MUHURI na HAKI Africa waliwekwa katika orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwaka huo huo mahakama ikawaondolea tuhuma hiyo na kuamuru akaunti zifunguliwe. Hatusemi kuwa daftari pekee humwokoa mtu na dhulma. Tunasema jumuiya inayoweza kutiliwa shaka wakati wowote ina sababu moja zaidi ya kuwa na vitabu vinavyoweza kufunguliwa mezani siku hiyo hiyo.

Na kazi ya utetezi ipo tele kwa atakayejitayarisha. Katiba, katika kifungu cha 196, inalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kalenda ya bajeti inajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya umma huitishwa katikati ya tarehe hizo, mara nyingi kwa tangazo la siku chache, na kina mama hufika wakati mambo yamekwisha kuandikwa. Zahanati isiyokuwa na mkunga usiku na chekechea isiyokuwa na choo huamuliwa katika karatasi hizo. Chama kinaweza pia kuomba kumbukumbu kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na ofisi husika inatakiwa ijibu ndani ya siku 21.

Tumeombwa na vyama kadhaa mfano wa taarifa ya hesabu ya ukurasa mmoja, inayoweza kubandikwa ukutani mwa madrasa na kueleweka na mzazi yeyote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi za waliokagua. Tutauchapisha katika toleo la wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.