Kulanti Si Maji ya Rangi, Wasee

Kuna hii hekima ya garaji inanikera sana: "Kenya hakuna barafu, kulanti ya nini? Weka maji ya mfereji, gari litaenda." Kila mtu akinunua gari lake la kwanza lazima apewe hilo somo. Mimi nasema ni uongo, na unaua injini.

Kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti. Zinazotuhusu sisi ni mbili zingine: kuchelewesha kuchemka na kuzuia kutu. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji matupu hapa yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Injini ikishapata moto wake wa kawaida, iko karibu hapo hapo. Kinachokuokoa ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Sasa raba ya kifuniko izeeke, halafu uwe kwa jam ya Mombasa Road saa nane mchana. Utajua hujui.

Kutu nayo haipigi kelele. Maji ya mfereji, na ya kisima zaidi, yana madini. Yale magamba meupe unaona ndani ya birika la chai ndiyo yanaziba vijia vyembamba vya rejeta, huku kutu ikitafuna pampu ya maji. Siku gasketi ya hedi ikiungua, unaambiwa ati magari ya siku hizi ni mabovu. Wapi!

Na tuache kununua kwa rangi. Rangi ni ya kampuni, haina sheria moja. Ya pinki ya huyu si lazima iwe sawa na ya pinki ya yule, na kuchanganya aina mbili kunaweza kukupa uji ndani ya rejeta. Soma kitabu cha gari. Kama gari limetoka Japani na hujui liliwekwa nini, mwaga yote, osha, anza upya. Kama kulanti ni nzito, ya kuchanganya, tumia maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Angalia kiwango asubuhi injini ikiwa baridi, na usiwahi kufungua rejeta ikiwa moto.

Ndio, ukikwama njiani na rejeta inavuja, weka maji ufike garaji. Hiyo ni huduma ya kwanza, si matibabu.

Wengi wetu tunaendesha teksi za app kwa magari ya mkopo. Injini ikifa, mkopo haufi. Kwa hivyo makanika akikuambia "maji tu yanatosha," muulize kwa heshima: ikiungua, tunalipa wawili ama nalipa peke yangu?