Mwanafunzi Anayechechemea

Mwalimu wa Likoni, Kisauni au Changamwe amwonapo mwanafunzi akichechemea na kulalamikia goti, asimdhanie mvivu. Maumivu ya nyonga aghalabu husikika gotini. Kwa kijana wa miaka 10 hadi 16, huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Pwani, huenda mfupa huo umekosa damu. Asikandwe wala asiukanyagie mguu huo. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo, nyonga ipigwe eksirei. Mfupa ulioteleza hukazwa kwa skrubu.

Mtoto mchanga naye asifungwe miguu ikiwa imenyooshwa. Mbeleko iyatanuayo mapaja huikinga nyonga.

Wanafunzi nao wasimwite mwenzao "kiguru". Kilema hicho huenda kingali kinazuilika.