Miaka ya Kukaa kwa Fundi



Juma hili tunapenda kusema na wazazi waliowapeleka vijana wao kujifunza useremala. Mara nyingi tunawaona wakiwarudisha nyumbani mapema mno. Kijana amekwisha kutengeneza kitanda kinachouzika, basi baba yake husema sasa ni fundi, aanze kuleta fedha. Haja ya fedha tunaifahamu, wala hatuidharau. Hata hivyo, kijana huyo ameondolewa elimu ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza.

Tuchukue mlango wa kabati. Ubao hutanuka penye unyevu na kusinyaa penye ukavu, nao hufanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu ni kidogo mno. Ndiyo maana fundi stadi huchimba mfereji mwembamba ndani ya fremu, akauchomeka ubao wa kati humo bila gundi wala msumari, ili upate nafasi ya kucheza. Mwanagenzi wa miezi mitatu huugandisha pande zote. Kabati lake likitoka Dar es Salaam likapelekwa Dodoma kwenye ukavu, ubao hupasuka, na lawama huangukia mti. Jambo hili huelezwa kwa dakika mbili (kama tulivyofanya hapa), lakini mkono hulijua baada ya misimu kadhaa.

James Krenov, mzaliwa wa Urusi, alikuwa akikaribia miaka 40 alipoingia shule ya Carl Malmsten mjini Stockholm, akakaa miaka miwili. Mwaka 1981 alianzisha mafunzo yake huko Fort Bragg, California, ambako wanafunzi walijitengenezea randa zao wenyewe za mbao. Nchini Ujerumani mwanagenzi wa useremala hukaa miaka mitatu.

Na mafundi nao wasikie: kumfagilisha kijana vumbi la mbao mwaka mzima si kumfundisha. Apewe patasi, aonyeshwe namna ya kuinoa, aachwe aharibu vipande.

Mzazi apitapo karakana aulize ni kiungo gani kijana anafanya sasa. Akiambiwa ameanza droo, asimwondoe hata kidogo. Katika kabati lililopimwa barabara, droo moja ikisukumwa ndani, hewa huisogeza ya jirani nje kidogo. Na kijana huyo bado anahangaika na droo inayokwama.